Damu Iliyoandika Neno: Jinsi Tshibumba Alivyoijenga Tablo

Maiti tatu zimelala chini: Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, na wenzake Maurice Mpolo na Joseph Okito. Mbali nyuma yao kuna misalaba mitatu. Ubavu wa Lumumba umetobolewa, damu inatiririka hadi ardhini, na huko inageuka herufi. Ukiinama ukatazama vizuri unasoma neno la Kifaransa, *unité*, yaani umoja. Tarehe ya mauaji ni 17 Januari 1961. Aliyechora ni Tshibumba Kanda Matulu, mzaliwa wa 1947 wa mji uliokuwa ukiitwa Elisabethville, leo Lubumbashi.

Wengi wakionyeshwa tablo hii husema ni kazi ya kitoto: miguu mifupi, nyuso hazina kivuli, watu kama wamebandikwa. Mimi nasema hawajaitazama. Kila unachokiona pale kina kazi yake, na tukikifuata kimoja kimoja tutajua kilivyofanyika.

Tuanze na nguo. Wachoraji wa mjini wa Katanga, wakati ule jimbo likiitwa Shaba, hawakuwa na turubai ya dukani. Walipaka rangi kwenye kitambaa cha magunia ya unga. Nguo hiyo ina uzi mnene na inanywa rangi. Ukitaka kulainisha shavu la mtu toka mwanga hadi giza, kama wachoraji wa mafuta wa Ulaya walivyofanya, nguo inakukatalia na rangi inakwisha. Hivyo Tshibumba hakulainisha. Aliweka mpaka wa umbo, akajaza rangi moja ndani, akahamia umbo la pili. Anga bluu, ardhi kahawia, suti nyeusi. Kwa kuwa hakuna kivuli cha kulitafutia jicho kazi, jicho linakwenda moja kwa moja kwenye alama: bendera, mnyororo, fimbo, msalaba. Umaskini wa nguo ndio uliofundisha mkono kusema wazi, na mkono ulipozoea haukurudi nyuma.

Tuje kwenye mojawapo ya tablo zilizouzwa sana, ile ya *Colonie Belge*, yaani koloni la Ubelgiji. Wazee wa kambi za kampuni ya madini ya Gécamines wanaikumbuka hata wasipomkumbuka mchoraji. Mfungwa amelala kifudifudi, askari mweusi ameinua fimbo, mzungu amesimama kando akitazama. Nyuma kuna nyumba ya gereza na bendera ya Ubelgiji, na mara nyingi kuna wanawake waliowaletea chakula waume zao. Wafungwa wamevaa nguo za mistari ya njano na nyeusi. Angalia mpangilio huo. Anayepiga na anayepigwa wote ni weusi. Mzungu hashiki kitu. Ametengwa kidogo na tukio, na kutengwa kwake ndiko kunakomtaja kuwa mwenye amri. Kisha mistari ya njano na nyeusi inaitikiana na rangi za bendera iliyo juu: nyeusi, njano, nyekundu. Nyekundu pekee ndiyo iliyokosekana kwenye nguo ya mfungwa, na fimbo inakwenda kuitafuta mgongoni mwake. Sisemi kwamba kila mchoraji aliwaza hivyo kila alipoinua brashi. Nasema tablo inafanya kazi hivyo.

Tshibumba hakuwa peke yake. Burozi, Ndaie na wengine kadhaa walichora *Colonie Belge* yao, pamoja na *Mamba Muntu*, yule mwanamke nusu samaki anayetoa mali na kudai siri. Picha ileile ilirudiwa na kurudiwa. Hapa ndipo mtazamaji aliyefundishwa kwamba kazi ya sanaa lazima iwe moja tu duniani anapokunja uso. Lakini nani analalamika kwamba Mwenda Jean-Bosco, mpiga gitaa wetu wa Likasi, alirekodi *Masanga* zaidi ya mara moja? Kila mara vidole vilipita njia nyingine kidogo, na masikio yaliyozoea yalisikia tofauti. Mteja wa tablo alifanya vivyo hivyo kwa macho. Alijua picha inavyokwenda, kwa hiyo aliona haraka kama bendera imesogezwa, kama mzungu ameongezewa kiko, kama mwanamke mmoja ametazama pembeni. Kurudia kulimpa mchoraji mwendo, kwani bei ilikuwa ndogo na ilibidi auze nyingi. Kulimpa pia mtazamaji kipimo.

Na mteja huyo alikuwa nani? Mfanyakazi mwenye mshahara wa kampuni, mwalimu, karani. Tablo ilitundikwa sebuleni, juu ya viti, mahali mgeni anapoiona akikaa. Neno walilotumia watu wenyewe ni *ukumbusho*. Si pambo, na wala si picha ya kufanana na kitu. Ni kitu kinachokuamsha useme. Mgeni anauliza, mwenye nyumba anaanza: hapo ni wakati wa baba yangu, ukichelewa kazini unapewa fimbo. Ukikubali hilo, kasoro nyingi unazodai kuziona zinapotea. Uso usio na sura ya mtu fulani unamruhusu mwenye nyumba aweke baba yake pale.

Sanaa hii ni tofauti kabisa na ya shule iliyotangulia. Mwaka 1946, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana huko Elisabethville, iliyojulikana kama Hangar. Hakuwaonyesha wanafunzi wake michoro ya Ulaya. Kila mmoja alitakiwa atafute mkono wake. Pilipili Mulongoy akachora ndege na samaki kwa vidoti, Mwenze Kibwanga kwa mistari iliyopangana kama nywele zilizochanwa, na Bela alichovya kidole badala ya brashi. Kwa ufundi wa uso wa picha, nakiri, hao ni mabingwa; ngozi ya samaki wa Pilipili unaweza kuitazama saa nzima. Lakini picha zile zilikwenda kwenye nyumba za wazungu. Hazina fimbo, hazina bomba la moshi, hazina tarehe. Tshibumba na wenzake walikuja na tarehe.

Tarehe na maneno ndiyo sehemu ya ufundi wake isiyochambuliwa ya kutosha. Kwenye tablo aliandika Kifaransa: jina la tukio, mwaka, wakati mwingine jina la mtu juu ya kichwa chake, kisha sahihi, *Tshibumba K.M.* Mdomoni aliisimulia tablo hiyohiyo kwa Kiswahili chetu cha Katanga. Lugha mbili, kazi mbili. Kifaransa kilikuwa lugha ya shule, ya gazeti na ya ofisi, kwa hiyo kikiandikwa juu ya picha kinafanya kazi ya muhuri: jambo hili lilitokea. Kiswahili ndicho kinachoeleza nani alimwuzia nani, na kwa nini. Makosa ya herufi yaliyomo katika Kifaransa hicho hayaniudhi. Karatasi nyingi za serikali tulizopewa zilikuwa na makosa zaidi na hazikutuambia kitu.

Mwishoni mwa 1973 Tshibumba alikutana na mwanaanthropolojia Mjerumani Johannes Fabian, aliyekuwa akifundisha Lubumbashi. Fabian hakuwa mgeni kwetu. Miaka ya 1966 na 1967 alikuwa hapa Kolwezi akichunguza chama cha kidini cha Jamaa. Tshibumba alikuwa tayari anajiita mwanahistoria. Kwa kuwa sasa alipata mnunuzi wa kuchukua zaidi ya tablo moja moja, alichora historia nzima ya nchi: tablo 101, nyingi zikiwa na upana wa karibu sentimita 70. Alizileta mafungu mafungu, akazieleza moja moja, na mazungumzo yakanaswa kwenye kanda.

Katika mfululizo huo kuna baharia Mreno Diogo Cão akifika kwa mfalme wa Kongo. Kuna kuuawa kwa mfalme Msiri, ambaye alipigwa risasi na Kapteni Bodson tarehe 20 Desemba 1891 huko Bunkeya, mji ulio ndani ya mkoa wetu huu wa Lualaba. Kuna wafanyakazi wa kampuni ya madini ya Union Minière waliopigwa risasi katika mgomo wa Desemba 1941. Kuna Lumumba akihutubia siku ya uhuru, 30 Juni 1960.

Mfululizo ulibadilisha namna ya kujenga picha. Tablo ya sebuleni inasimama peke yake, kwa hiyo lazima ibebe gereza, bendera, askari na wake wa wafungwa kwa pamoja. Tablo ya arobaini katika mfululizo haina mzigo huo, maana ya thelathini na tisa imekwisha kutangulia. Ndiyo maana nyingi kati ya zile 101 ni nyepesi: watu wachache, nafasi pana, tukio moja. Mkono uleule, ila sasa unahesabu kurasa. Kisha anapofika kwenye kifo cha Lumumba anarudia ule mzigo wa zamani kwa makusudi: misalaba ya Golgota, ubavu uliotobolewa kama wa Yesu, na damu inayoandika. Mkristo wa Kolwezi hahitaji kufafanuliwa. Tshibumba hakuhitaji kuandika kwamba Lumumba alikufa kwa ajili ya wengine. Alikopa misalaba mitatu tu ikamfanyia kazi hiyo.

Nimewahi kuulizwa kama kuna mchoraji wa mbali wa kulinganisha naye. Namfikiria Seán Keating wa Ireland, mzaliwa wa Limerick. Nchi yake nayo ilikuwa imetoka tu mikononi mwa mtawala, na mwishoni mwa miaka ya 1920 alikwenda kuchora ujenzi wa bwawa la umeme la Ardnacrusha kwenye mto Shannon, kama mtu angekwenda kuchora Nzilo au Nseke kwenye Lualaba yetu wakati saruji ikimwagwa. Katika tablo yake moja iitwayo *Night's Candles Are Burnt Out* aliweka kiunzi cha mifupa kilichotundikwa, na familia yake mwenyewe ikitazama bwawa jipya. Keating alisomea uchoraji shuleni. Misuli na mikunjo ya nguo anaijua. Lakini alama zake zinamtaka mtazamaji afumbue fumbo, tena jina la tablo lenyewe limetoka kwa Shakespeare. Tshibumba hakumwachia mtu fumbo. Alitaka jirani aelewe kabla chai haijapoa. Wote wawili waliona kwamba nchi changa inajijua kwa kujichora, ila kwa uwazi wa ujumbe ninampa ushindi mtu wa kwetu, na sioni aibu.

Soko la tablo halikudumu. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 Tshibumba hakusikika tena. Gécamines ilidhoofika, mgodi wa chini wa Kamoto uliporomoka Septemba 1990, mishahara ikakatika, na asiyelipwa hanunui tablo. Kuta za Kolwezi zilipata picha nyingine. Mpiga picha Sammy Baloji wa Lubumbashi, alipokuja kuwapiga picha wachimbaji wa mikono hapa kwetu, alikuta wametundika mabango ya Kichina yenye maporomoko ya maji, bustani na majumba marefu. Akayapanga kando ya picha za mashimo yenyewe. Bango lile linapendeza, ila halina tarehe wala jina la mtu. Ukiulizwa ni nini, unasema: ni mahali fulani.

Zile tablo 101 ziko Amsterdam, katika jumba la makumbusho lililoitwa Tropenmuseum. Fabian alizichapisha pamoja na maneno ya mchoraji katika kitabu chake cha 1996, *Remembering the Present*, kwa Kiingereza, na Kiswahili chenyewe cha mazungumzo yao kimeandikwa na kuhifadhiwa, Kiswahili kilekile cha Musonoi na Manika hapa Kolwezi, unaweza kukisoma bila mkalimani. Na kama kwa bibi yako bado kuna gunia la unga lililopakwa rangi, limekunjwa nyuma ya kabati, usilioshe kwa sabuni wala usilipake vanishi. Litandike mezani, washa simu irekodi, umwombe bibi aanze na yule mtu aliyesimama pembeni.