Jicho Kabla ya Chaki

Mpe mwanafunzi aliyeiva katika aljebra mtajo 6x² + 11x − 10 autafutie vigawo, kisha mtazame kabla hajaandika chochote. Macho yake hayaanzi kwenye 6. Yanaanzia kwenye alama ya kutoa iliyo mbele ya 10. Alama hiyo imeshamwambia kuwa kati ya namba mbili anazozisaka, moja ni chanya na nyingine ni hasi. Na kwa kuwa 11 ni chanya, iliyo chanya ndiyo yenye uzito zaidi. Anazidisha 6 kwa −10, anapata −60. Sasa anataka jozi ambayo zao lake ni −60 na jumla yake ni 11.

Asiye na mazoezi atajaribu kila jozi. Huyu anaangalia kwanza kwamba 11 ni witiri. Jumla ikiwa witiri, basi namba moja ni shufwa na nyingine ni witiri, hakuna namna nyingine. Kwa hiyo 30 na 2 zimetoka, 10 na 6 zimetoka, hata hazikuguswa. Zimebaki 60 na 1, 20 na 3, 15 na 4, 12 na 5. Tofauti ya 15 na 4 ni 11. Chaki bado iko mezani.

Anapoishika, anaandika 6x² + 15x − 4x − 10. Kutoka kwenye mbili za mwanzo anatoa 3x, anabaki na 3x(2x + 5). Kwenye mbili za mwisho ndipo wanafunzi wengi wa kidato cha pili wanapojikwaa: wanatoa 2, wakati kinachotakiwa kutoka ni −2. Yeye anatoa −2, na ndani ya mabano inatokea tena 2x + 5, ileile, kwa alama zilezile. Hapo hahitaji mtu wa kumwambia kuwa amepata, maana kazi yenyewe imejithibitisha. Jibu ni (3x − 2)(2x + 5). Angetanguliza −4x, mabano ambayo yangejirudia ni 3x − 2, na jibu lingekuwa hilohilo.

Kwa nini tunazidisha 6 kwa −10? Wanafunzi wengi hupewa hatua hii kama amri tu, na nasikitika, kwa sababu maelezo yake hayazidi mistari miwili. Zidisha (px + q)(rx + s). Sehemu ya katikati inatokana na vipande viwili, psx na qrx. Zidisha ps kwa qr, kisha panga upya: ni pr mara qs, yaani kizigeu cha x² mara namba ya mwisho. Vipande viwili vya katikati vimebeba zao hilo tangu siku mabano yalipozidishwa. Mwanafunzi anavirudisha tu vilikotoka.

Kuwinda namba mbili kwa jumla na zao lake ni kazi ya kale mno. Vibao vya udongo vya Babeli, vyenye umri wa karibu miaka 4000, vina maswali ya aina hiyo, na njia yao haikuwa ya kubahatisha: chukua nusu ya jumla, izidishe kwa yenyewe, toa zao, kisha tafuta kipeuo cha pili. Wao hawakutumia namba hasi, lakini njia yao inaimudu hata jozi yetu. Nusu ya 11 ni 5.5, ikizidishwa kwa yenyewe ni 30.25, kutoa −60 ni sawa na kuongeza 60, tunapata 90.25, ambayo kipeuo chake ni 9.5. Jumlisha 5.5 na 9.5, upate 15. Toa 9.5 kwenye 5.5, upate −4. Mwaka 2019 Po-Shen Loh, mwanahisabati wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, aliwahimiza walimu waipitie njia hii tena.

Wapo wanaosema kutafuta vigawo ni kupoteza muda, kwa kuwa kanuni ya jumla hutatua mlinganyo wowote wa kipeo cha pili, na mtajo ulioandikwa ovyo kwa kawaida hauna vigawo vya namba kamili. Hilo la pili ni kweli kabisa. Nami naona hapo ndipo ulipo ufundi wa mtu mwingine, yule anayetunga maswali. Thomas Harriot, katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1631, miaka 10 baada ya kifo chake, alijenga milinganyo kwa kuanza na mabano na kuyazidisha. Mwalimu mzuri hufanya vivyo hivyo usiku anapoandaa zoezi. Anaanzia kwenye jibu.

Tazama x² + 5x + 6, ambayo ni (x + 2)(x + 3). Badilisha alama ya mwisho: x² + 5x − 6 nayo inakubali, ni (x + 6)(x − 1). Hili si la kawaida. Ukiweka 3 au 7 badala ya 6, hupati vigawo vya namba kamili kwa alama yoyote ile. Jozi kama hii haiokotwi njiani. Imetoka kwenye pembetatu mraba. Pembetatu yenye pande 3, 4 na 5 ina upande mrefu wa 5 na eneo la 6.

Ili x² + bx + c igawike, b² − 4c lazima iwe mraba kamili. Ili ndugu yake mwenye −c agawike, b² + 4c nayo iwe hivyo. Sasa chukua pembetatu mraba yenye pande fupi m na n, upande mrefu b na eneo c. Kwa kuwa m² + n² = b² na 2mn = 4c, hesabu hizo mbili ni (m − n)² na (m + n)². Zote ni miraba.

Mwalimu mwenye pembetatu ya 5, 12 na 13, ambayo eneo lake ni 30, anaandika x² + 13x + 30 na x² + 13x − 30. Ya kwanza ni (x + 3)(x + 10), ya pili ni (x + 15)(x − 2). Ile ya 7, 24 na 25 ina eneo la 84. Iandikie mitajo yake miwili, uitafutie vigawo.