Je, Kufikiri Kihakiki Kwaweza Kufundishwa Peke Yake? Tathmini ya Hoja ya John McPeck

Mwaka 1981 mwanafalsafa wa elimu John McPeck, aliyefundisha Kanada, alitoa kitabu kiitwacho Critical Thinking and Education. Kitabu hicho kimekwisha kuzeeka, lakini hoja yake haijapata jibu katika vyuo vyetu. Twaona yafaa kuirejea wakati huu ambapo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, awe wa theolojia, sheria au ualimu, hupangiwa masomo ya lazima kwa wote: Stadi za Mawasiliano, Taaluma za Maendeleo, na mahali pengine somo la mantiki. Msomaji aliye mchungaji asidhani kwamba jambo hili ni la watunga mitaala tu. Mwisho wake uko mimbarani.

Kwanza neno lenyewe. Wengi wakisikia "uhakiki" hudhani ni kutafuta makosa, na kwa hiyo mwanafunzi mwenye kuhakiki huonekana mtovu wa adabu, hasa mbele ya mwalimu aliye pia mchungaji wake. Lakini kuhakiki ni kutafuta hakika. Anayehakiki fedha za usharika hamtuhumu mtunza hazina.

Hoja ya McPeck ni hii: hakuna kufikiri kusikokuwa kufikiri juu ya jambo fulani. Kwa hiyo hakuna ustadi wa jumla wa kufikiri uwezao kufundishwa katika chumba kimoja kisha ukabebwa kama mkoba hadi vyumba vingine. Kila taaluma ina namna yake ya kutoa ushahidi, na asiyeijua taaluma hana la kuhakiki ndani yake. Hapo alimpinga Robert Ennis wa Marekani, ambaye mwaka 1962 alikuwa ameorodhesha vipengele 12 vya kufikiri kihakiki kana kwamba vyafaa popote. Ubishi huo haukuwa wa vitabuni tu. Mwaka 1980 mfumo wa California State University ulikuwa umeagiza kufikiri kihakiki kufundishwe rasmi kwa kila mwanafunzi kama sehemu ya elimu ya jumla. Matunda yake yatia shaka. Utafiti ulioongozwa na Richard Paul kati ya wahadhiri wa California, uliotolewa mwaka 1997, ulionyesha kwamba asilimia 89 walidai kuwa hilo ndilo lengo kuu la mafundisho yao, lakini asilimia 19 tu waliweza kueleza waziwazi maana yake. Tusiwacheke. Tukiulizwa sisi, sijui tungezidi.

Katika nusu ya hoja yake twamkubali McPeck bila kusita. Mwaka 1440 Lorenzo Valla, bingwa wa Kilatini, alithibitisha kwamba Hati ya Konstantino, iliyotumiwa na mapapa kudai mamlaka juu ya nchi za Magharibi, ilikuwa ya kughushi. Aliweza kwa sababu alikijua Kilatini cha kale. Aliona, kwa mfano, kwamba hati ile yawataja masatrapi huko Roma, cheo ambacho serikali ya Konstantino haikuwa nacho. Mtu asiyejua Kilatini angeweza kufaulu mtihani wa mantiki kwa alama za juu, na bado akaipokea hati hiyo kwa mikono miwili. Vivyo hivyo, mwanafunzi wetu asiyejua Kiyunani hawezi kuihakiki tafsiri ya Warumi kwa kukariri majina ya makosa ya hoja.

Nusu ya pili yatushinda. Martin Luther aliisoma kazi ya Valla mwaka 1520, ikamtikisa sana. Lakini Luther huyo huyo, mwaka 1543, aliandika dhidi ya Wayahudi akirudia tuhuma za kutia sumu visimani na kuiba watoto. Hakuziuliza tuhuma hizo yale aliyoyaona yakiulizwa juu ya hati: ni nani asemaye, tangu lini, kwa ushahidi upi? Wala hatuwezi kusema alikosa elimu. Kiebrania alikijua vema, na Agano la Kale alikuwa amelitafsiri. Mwaka 1984 mkutano mkuu wa Shirikisho la Kilutheri Duniani huko Budapest ulipokea tamko la kuyakataa maneno yale, lakini sisi walimu bado tuna swali la kujibu: elimu ya mtu yaachaje kuuliza pale inapohitajika zaidi?

Tusiende mbali. Mwaka 2011 foleni ya magari ilienea kilomita nyingi kuelekea Samunge, Loliondo, ambako mchungaji mstaafu wa Kanisa letu, Ambilikile Masapila, alitoa kikombe cha dawa kwa shilingi 500. Marehemu huyo, aliyefariki mwaka 2021, hatumhukumu hapa. Hofu na mateso ya wagonjwa wale vilikuwa vya kweli. Twawasema wasomi. Walifika mawaziri, wakafika wenye shahada. Mwalimu wa takwimu ajua kwamba shuhuda za waliopona hazithibitishi dawa mpaka wahesabiwe na wale wasiopona. Ajua hilo ubaoni. Mfafanuzi wa Biblia ajua kupima mapokeo ya masimulizi. Ajua hilo darasani. Na wengi wetu tulionyamaza hatukunyamaza kwa kukosa maarifa ya taaluma, kama McPeck angetaka tuamini. Tulikosa desturi ya kulivusha swali kutoka chumba kimoja kwenda kingine, na labda, tuseme kweli, tuliogopa.

McPeck mwenyewe akubali kwamba uhakiki wataka mwelekeo wa moyo pamoja na ustadi, ila halifuatilii jambo hilo hadi mwisho. Mwalimu Nyerere alilikaribia zaidi mwaka 1967 katika Elimu ya Kujitegemea, alipotaka shule ijenge akili ya kudadisi, uwezo wa kujifunza kwa wengine na kukataa yasiyofaa, na hali ya kujiamini. Hilo la tatu ndilo tunalolisahau.

Kwa hiyo hatupendekezi kufuta somo la lazima, wala kuliacha lilivyo, darasa la mamia likinakili maelezo ya mtu mmoja. Ennis, katika maandishi yake ya mwaka 1989, alitaja pia njia ya kuchanganya: kanuni zifundishwe wazi, kisha kila somo lizitumie kwa mambo yake. Tungeanza na kidogo. Walimu wawili, wa historia ya Kanisa na wa takwimu, waketi mbele ya darasa moja na ushuhuda mmoja wa uponyaji, na wapingane mbele ya wanafunzi pale wasipokubaliana. Insha isahihishwe na wote wawili. Gharama yake ni saa chache na aibu kidogo ya mwalimu kuonekana hajui.

Kabla ya hayo tuitazame mitihani yetu. Maswali yake mengi bado huanza kwa "Taja" na "Orodhesha", na mwanafunzi aandikaye sababu ya kutokukubali hana mahali pa kupewa alama.