Kati ya Ugumba na Utasa: Uhakiki wa Istilahi za Uzazi

Istilahi mbovu ya useremala humharibia fundi ubao. Istilahi mbovu ya uzazi huweza kumvunjia mwanamke ndoa, na pengine kumpotezea uhai. Kwa sababu hiyo makala haya yanakusudia kuyapima maneno machache yatumikayo katika fomu za ridhaa, vipeperushi vya kliniki na tafsiri za utafiti kuhusu matibabu ya wanawake wasiopata mimba na matatizo yanayowapata wajawazito na wazazi. Mizani yetu ina maswali mawili. La kwanza: je, neno linatenganisha yale ambayo sayansi imeyatenganisha? La pili: je, msomaji asiye daktari atalielewa kama lilivyokusudiwa, au atalipa maana nyingine aliyokwisha kuwa nayo?

Tuanze na tasa na mgumba. Yote mawili ni maneno ya siku nyingi, wala hayana kosa katika mazungumzo au ushairi. Lakini matumizi yake yamechanganyika. Wako wasemao kwamba tasa ni mwanamke na mgumba ni mwanamume. Wako wayachukuao kuwa kitu kimoja. Na wako wasemao kwamba ugumba huweza kutibika, ila utasa hautibiki. Shirika la Afya Duniani, kwa upande wake, linataja hali yenye mipaka: kutopata mimba baada ya miezi 12 au zaidi ya kujamiiana mara kwa mara bila kinga. Fasili hiyo haisemi kwamba mtu hatazaa kamwe. Wala haisemi kwamba kasoro iko kwa mke. Huenda ikawa kwa mume, kwa wote wawili, au isijulikane iliko. Ripoti ya shirika hilo ya mwaka 2023 ilikadiria kwamba mtu mzima 1 kati ya 6 hivi hukumbwa na hali hiyo wakati fulani maishani. Anayewaita wote hao matasa amekwisha kuwahukumu kabla hawajapimwa.

Kasoro huonekana zaidi pale madaktari wanapoigawa hali hii sehemu mbili: ya yule ambaye hajapata kushika mimba, na ya yule aliyewahi kushika mimba lakini sasa hashiki tena. Sababu moja ijulikanayo ya hiyo ya pili ni maambukizo baada ya kuzaa au baada ya mimba kuharibika, ambayo huacha makovu na kuziba mirija ya uzazi. Basi mama wa watoto wawili huweza kuandikwa katika cheti chake kuwa ni "tasa", neno ambalo jirani zake hulitumia kwa mwanamke asiyepata kuzaa kabisa. Tunapendekeza kwamba ugumba litumike kwa hali yote, ya mke na ya mume. Ugumba wa awali na ugumba wa baadaye yatumike kwa sehemu zake mbili. Na utasa libakizwe kwa hali ya kudumu iliyothibitishwa, mathalani ya mwanamke aliyeondolewa mfuko wa uzazi. Kadhalika, katika maandishi ya tiba mtu asiitwe tasa wala mgumba. Aandikwe kuwa ana ugumba, kama tuandikavyo kwamba fulani ana malaria.

Neno la pili ni mtoto wa chupa. Louise Brown alipozaliwa Oldham, Uingereza, tarehe 25 Julai 1978, magazeti ya dunia yalimwita kwa jina la namna hiyo, nasi tukalifuata. Ukweli ni kwamba yai lilikutanishwa na mbegu ya kiume nje ya mwili, kisha kiinitete kikarudishwa katika mfuko wa uzazi wa mama yake, akakulia humo na kuzaliwa. Jina la chupa limefanya kazi ya siku chache kuonekana kuwa ujauzito mzima, na limemwachia mtoto mzaha wa kudumu. Badala yake wengi sasa husema upandikizaji wa mimba. Neno hili ni la heshima, ila linataja hatua moja tu, ile ya kukirudisha kiinitete. Nalo humfanya msomaji adhani kwamba imetolewa mimba kwa mtu mwingine. Utungishaji nje ya mwili ni refu kidogo, lakini ni kweli tupu. Upandikizaji na ubaki kwa hatua yake.

Tatu, tutazame neno mafanikio, ambalo halionekani kuwa istilahi, na ndiyo maana ni la hatari. Mwaka 2014 ulichapishwa utafiti wa Marekani uliohusu wanawake 750 wenye ugumba utokanao na ovari zenye vifuko vingi. Walilinganishwa waliotumia letrozoli na waliotumia klomifeni. Waliojifungua watoto hai walikuwa asilimia 27.5 kwa dawa ya kwanza na asilimia 19.1 kwa ya pili. Watafiti hao walipima mtoto aliyezaliwa hai. Tafiti nyingine hupima kushika mimba tu, nasi twajua kwamba si kila mimba hufika mwisho wake. Mfasiri akiandika "mafanikio" pande zote mbili, mwanamke anayeuza shamba ili alipie matibabu hataweza kujua ananunua tumaini la kiasi gani. Hapana budi kuandika waziwazi: kushika mimba, au kuzaa mtoto hai.

Nne ni kifafa cha mimba, istilahi iliyokwisha kukubalika. Haifai kufutwa, maana inataja degedege ambalo kila mtu anaweza kuliona. Tatizo ni kwamba mara nyingi hutumika pia kwa hali iliyotangulia, yaani shinikizo la damu lililopanda katika ujauzito, aghalabu pamoja na protini katika mkojo, kabla ya degedege lolote. Hali hiyo huweza kukaa kimya. Mjamzito akiambiwa ana kifafa ilhali hajaanguka, atacheka. Akiogopa, yamkini atatafuta dawa ya kifafa cha kawaida. Nao muda huo wa ukimya ndio wa kumwokoa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002, uliowahusu wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, ulionyesha kwamba salfeti ya magnesi hupunguza hatari ya degedege kwa zaidi ya nusu kwa wanawake walio katika hatua hiyo. Kwa hiyo hatua hiyo yastahili jina lake yenyewe. Tunapendekeza kitangulizi cha kifafa cha mimba, na daima kifuatwe na maelezo ya shinikizo la damu.

Tano ni maneno ya utafiti wenyewe. Katika utafiti huo wa 2002, na katika ule wa 2017 wa asidi ya traneksamiki kwa wanawake waliotokwa na damu nyingi baada ya kujifungua, ulioshirikisha wanawake zaidi ya 20,000 katika nchi 21 zikiwamo Tanzania, Kenya na Uganda, nusu ya washiriki walipewa kitu kifananacho na dawa lakini kisicho na dawa ndani yake. Atakayekiita "dawa bandia" ametumia jina lile lile la dawa za magendo zinazokamatwa madukani. Na atakayesema kwamba wagonjwa waligawanywa kwa "bahati nasibu" amewapeleka kwenye mchezo wa tiketi. Mtu anayeombwa ridhaa asomapo maneno hayo, ama atakimbia bure, ama atatia sahihi jambo asilolielewa. Kifani cha dawa na mgawo wa nasibu yangefaa zaidi, iwapo fomu itaeleza kwamba mgawo huo haukuchaguliwa na daktari wala mgonjwa.

Mwisho, katika Kiingereza cha madaktari neno moja limezoea kubeba mimba iliyoharibika yenyewe na mimba iliyotolewa kwa makusudi. Kiswahili kimekwisha kuyatenganisha: mimba huharibika au hutoka, na mtu huitoa. Mfasiri asiye mwangalifu huuliza katika fomu ya ugumba, "Umewahi kutoa mimba?" Aliyeharibikiwa mara tatu atajibu hapana kwa haki kabisa, na daktari atakosa habari aliyoihitaji. Hapa lugha yetu ina utajiri kuliko ile tunayoitafsiri, nasi tunautupa.

Baadhi watasema kwamba maneno tuliyopendekeza ni marefu. Ni kweli. Lakini "kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua" nalo ni refu, na hakuna mkunga anayelalamika, kwa kuwa aliyelisikia mara moja anajua la kufanya. Twawaomba walimu, wafasiri na watumishi wa wizara wayajaribu mapendekezo haya mbele ya wanawake wenyewe kabla ya kuyapitisha, wawasomee fomu na kuwauliza wameelewa nini. Jibu lao ndilo litakaloonyesha kama istilahi imefaa.