Farasi Asemaye Katika Nchi ya Mbung'o

Mtoto wa Mpanda aweza kumaliza shule ya msingi asimwone farasi hata mmoja. Mbung'o wa misitu ya miombo humwambukiza nagana, naye hadumu. Ndiyo maana wako walimu wanaoshauri kwamba farasi wa hadithini ageuzwe pundamilia, ambaye Hifadhi ya Katavi imejaa jamii yake. Shauri hilo sisi hatulikubali.

Tuitazame hadithi ya mchawi na mwana wa Sultani, iliyomo katika mkusanyo wa hadithi za Unguja uliochapishwa na George Bateman huko Chicago mwaka 1901. Kijana ameachwa peke yake katika nyumba ya mchawi. Afungua chumba, amkuta farasi. Na farasi huyo anasema. Kwa nini aseme? Kwa sababu naye ni mfungwa, na mwenye nyumba akirudi roho za wote wawili zimo hatarini. Maneno yake ni ya shauri: mchawi na asukumwe ndani ya chungu kinachochemka. Usemi hapa si pambo la kuwachekesha watoto. Ni mapatano ya wafungwa wawili, ambamo mpandaji na mpandwa wamekuwa sawa.

Tumlinganishe na Bree, farasi wa C. S. Lewis katika The Horse and His Boy, kitabu cha mwaka 1954. Bree alitekwa angali mtoto, akatumikishwa vitani huku akificha usemi wake. Lakini akiwa njiani kurudi kwao, hofu yake ni kama farasi wasemao huruhusiwa kugaagaa majanini! Lewis amemcheka vizuri. Hata hivyo, usemi katika kitabu hicho umekuwa cheo: asemaye ni mwungwana, asiyesema ni wa kupandwa tu. Farasi wa pwani hana majivuno hayo, nasi twampenda zaidi.

Pundamilia je? Hajabeba tandiko. Akisema, atasema kama sungura wetu, ambaye hakuna amwulizaye sababu. Farasi akisema, ni yule amtumikishaye anayeshtuka. Ikiwa lazima tumtafutie ndugu huku kwetu, basi ni maksai avutaye plau na mkokoteni. Mwalimu na amwache farasi mahali pake, kisha awaulize wanafunzi: maksai huyo, akifunguliwa nira jioni, angemwambia nini mwenye shamba? Hatudhani kwamba majibu yote yatachekesha.