Swali la mti na pembe: jibu sahihi, somo pungufu

Kama umepita sekondari, swali hili unalijua. Mwanafunzi amesimama mita 30 kutoka kwenye mti, anaona kilele kwa pembe ya mwinuko ya digrii 30. Mti una urefu gani? Unazidisha 30 kwa tanjenti ya 30, unapata mita 17.32, unapewa vema, basi.

Kanuni yenyewe haina kosa. Umbali wa mlalo mara tanjenti ya pembe: wapima ardhi wanaitumia hadi leo. Ninacholalamikia ni swali, maana linatuzoesha kuiamini namba kuliko inavyostahili.

Kwanza, jicho la mwanafunzi haliko ardhini. Likiwa mita 1.5 juu, mti ni mita 18.8. Mpima ardhi hasahau hilo: anaongeza kimo cha teodolaiti, anaondoa kimo cha shabaha iliyosimamishwa kule mbele.

Pili, hizo desimali mbili zimetoka wapi? Tuseme pembe umeipima kwa kifaa cha kadibodi, ukakosea digrii moja tu. Jibu linaruka kwa sentimita 70. Sasa ile .32 unamwambia nani? Jibu la kweli ni "mita 19 hivi, labda pungufu au zaidi kwa mita moja". Mitihani mingi haina nafasi ya jibu hilo, na hapo ndipo tunapopoteza sayansi.

Tatu, swali linadhani dunia ni bapa na mwanga haupindi. Kwa mita 30, sawa. Kwa kilomita 1, mviringo wa dunia unashusha shabaha karibu sentimita 8, na hewa inayopinda mwanga inarudisha kama 1. Kosa linakua kwa mraba wa umbali: kwa kilomita 50 mviringo peke yake ni karibu mita 196. Hewa inarudisha kama 26, lakini inategemea joto la siku hiyo, na ikibadilika kidogo jibu linasogea mita kadhaa. Kwa hiyo usishangae Kilimanjaro kuwa mita 5,895 kwa vipimo vya 1952 na 5,892 kwa setilaiti za GPS mwaka 1999. Mlima haukupungua mita tatu. Kila namba ina ukungu wake.

Utasema, haya ni mambo ya wataalamu. Haya, chukua mfereji wa umwagiliaji unaoshuka sentimita 20 tu kwa kilomita. Sahau mviringo na hewa, umekosea karibu sentimita 7: theluthi ya mteremko wote. Maji hayasahihishi mtihani, yanakataa tu kwenda. Kwa kazi hiyo wapimaji hupendelea leveli, tena kwa hatua fupi. Wakilazimika kutumia pembe, wawili wanapimana kutoka ncha zote mbili kwa wakati mmoja, kisha wanachukua wastani. Mviringo unajifuta, na sehemu kubwa ya mpindo wa mwanga pia.

Sisemi swali la mti lifutwe. Liongezewe mstari mmoja tu: "Taja vitu viwili vinavyoweza kuliharibu jibu lako." Mwalimu unayesoma hapa, jaribu wiki hii. Na wewe mwanafunzi, usisubiri kuulizwa.