Kilichokufa na Kilichobaki

Kamera kuukuu ikifa, mara nyingi huwa imekufa kiungo kimoja tu. Shata, kile kilango kinachofunguka na kufumba kwenye lenzi, imekwama. Au mfuko wake wa mikunjo umetoboka na kupitisha mwanga. Au kiwanda kimeacha kutengeneza filamu ya kipimo chake. Lenzi haihusiki na lolote kati ya hayo. Bado inaukusanya mwanga kama ilivyoukusanya siku ilipotoka kiwandani. Wengi wetu huitupa kamera nzima. Mtu anayeunda kamera na vifaa vya chumba cha giza kutokana na vitu vilivyotupwa huanza kwa kuuliza hapa kimekufa nini na kimebaki nini. Nauona uwezo wa kuuliza hivyo, na kulijibu swali kwa mikono, kuwa sababu kubwa ya kuusifu ufundi huu, kuliko hata unafuu wa gharama zake.

Tuchukue mashine ya kukuzia picha. Dukani ilikuwa chombo cha peke yake chenye bei yake, kumbe ni kamera iliyopinduliwa: badala ya mwanga wa nje kuingia, mwanga wa balbu unapita kwenye negativu, unatoka kupitia lenzi na kutua kwenye karatasi iliyolala chini. Muda wa mwanga hupimwa kwa swichi ya taa, kwa hiyo shata haina kazi. Basi ile kamera ambayo shata yake imekwama ikiwa wazi, ambayo hakuna mpiga picha angeinunua, kwa kukuzia picha ni nzima kabisa. Kopo la rangi linakuwa nyumba ya balbu, likitobolewa juu na kuwekewa kofia ya bati ili joto litoke bila mwanga kuvuja. Kipande cha plastiki nyeupe kinautawanya mwanga usiache doa katikati. Kinachobaki ni nguzo, na hapo fundi hana ruhusa ya kulegeza kitu, maana nguzo ikitikisika kidogo tu, picha yote inatoka na ukungu. Aliyeijenga mashine hii anajua kila kipande kimewekwa kwa nini, na siku ikigoma hatakuwa na haja ya kumtafuta wakala wa kampuni.

Kuna wanaouona ufundi huu kuwa mchezo wa pembeni, kwa hoja kwamba upigaji picha ni mtoto wa viwanda. Historia haiwaungi mkono. Mwaka 1816 Mfaransa Nicéphore Niépce, mmoja wa waanzilishi wa upigaji picha, alimwandikia kaka yake kwamba amevunja lenzi ya kamera yake, akaunda nyingine ndogo kwa kisanduku cha mwanawe Isidore na lenzi ya hadubini iliyokuwamo nyumbani. Mwaka 1835 Mwingereza William Henry Fox Talbot, mwanzilishi mwingine, aliweka kamera zake, visanduku vya mbao, huku na huko kwenye makazi yake ya Lacock. Mkewe, Constance, aliviita mitego ya panya. Kuungaunga kulitangulia kiwanda.

Mfano tajiri kuliko yote, kwa maoni yangu, uko Afghanistan. Kwa miongo mingi ya karne ya 20, wapiga picha wa barabarani mjini Kabul na kwingineko walifanya kazi kwa kamra-e-faoree, sanduku la mbao lililochongwa na seremala wa mtaani, ambalo ni kamera na chumba cha giza kwa wakati mmoja. Lenzi yake aghalabu ilitolewa kwenye kamera nyingine ya zamani. Ubavuni sanduku limefungiwa mkono wa nguo, na humo mpiga picha hupenyeza mkono wake bila kuingiza mwanga. Ndani mna karatasi za picha, sahani ya dawa ya kusafishia, sahani ya dawa ya kuidumisha picha, na kioo kilichosuguliwa kikafifia, kinachosogezwa mbele na nyuma kwa ufito wa chuma. Filamu hakuna. Mpiga picha huitazama sura ya mteja kwenye kioo, hufunga mlango, hupapasa karatasi na kuiweka mahali pake, kisha huondoa kifuniko cha lenzi, huhesabu kimoyomoyo na kukirudisha. Negativu ya karatasi ikishasafishwa humo ndani na kusuuzwa kwenye ndoo, huibana kwenye kibao mbele ya lenzi na kuipiga picha upya. Weusi hugeuka weupe, na mteja anaondoka na picha ya kitambulisho.

Humo mna mambo mawili ambayo mpita njia hayaoni. La kwanza ni urefu wa sanduku. Ili kitu kinakiliwe kwa ukubwa wake halisi, lazima kikae mbele ya lenzi kwa umbali wa fokasi mara mbili, na karatasi ikae nyuma yake kwa umbali huo huo. Lenzi yenye fokasi ya milimita 150 inadai sentimita 30 ndani ya sanduku. Kwa hiyo seremala hakubahatisha; lenzi iliyopatikana ndiyo iliyompa vipimo. La pili ni wekundu. Karatasi hii haiuoni mwanga mwekundu, na kwa sababu hiyo sanduku lina kidirisha chekundu kinachomwezesha fundi kuchungulia picha ikijitokeza. Ujuzi huo huo anautumia tena akitaka kuung'arisha uso wa mteja: anaupaka rangi nyekundu kidogo kwenye negativu, karatasi inauchukulia wekundu ule kama weusi, na uso unatoka mweupe zaidi.

Pingamizi la kwanza ni kwamba picha za vifaa vya namna hii ni duni. Si lazima. Negativu ya Kabul inalingana na picha yenyewe kwa ukubwa, haikuzwi, na nywele za ndevu zinaonekana moja moja. Mpiga picha Miroslav Tichý wa mji wa Kyjov, katika nchi ambayo leo ni Cheki, alisugua lenzi zake kutoka plastiki ngumu na kuzing'arisha kwa dawa ya meno na majivu ya sigara. Picha zake zina ukungu mwingi, na bado makumbusho makubwa yalizitundika. Kuwapiga picha wanawake bila ridhaa yao, kama alivyofanya, ni kosa ambalo ufundi hauwezi kumtetea, lakini ukungu ule hauna hatia.

Pingamizi zito zaidi husema kwamba uhuru huu ni wa nusu, kwani karatasi yenye madini ya fedha bado hutoka kiwandani. Nakubali. Hata hivyo kutegemea kitu kimoja si sawa na kutegemea kila kitu. Mwaka 1995 mwalimu na wanafunzi wake huko Rochester, Marekani, mji wa Kodak, walionyesha kwamba kahawa ya unga ikichanganywa na magadi ya kufulia husafisha filamu. Kahawa ina asidi inayoiamsha picha, na magadi huipa nguvu ya kufanya kazi. Mkenya anaishi nchi yenye kahawa na Ziwa Magadi; viungo hivyo viwili hahitaji kuviagiza ng'ambo.

Lipo la tatu, nalo linagusa heshima za watu: kwamba tunausifu umaskini wa wengine. Ni kweli kwamba kamera za dijitali zilipofika, wapiga picha wengi wa Kabul waliacha sanduku, na walikuwa na haki, kwa sababu walikuwa na familia za kulisha. Hakuna anayewadai warudi. Ninachokataa ni kuhesabu ujuzi wao kuwa sehemu ya umaskini huo, eti viondoke pamoja. Lukas Birk na Sean Foley, waliowatafuta mafundi hao tangu mwaka 2011, walichapisha pia maelekezo ya kulijenga sanduku. Watu wa nchi nyingine wamejenga ya kwao, kila mmoja kwa lenzi aliyoiokota, na kila sanduku likapata urefu ambao lenzi yake ililidai.