Fedha na Kombe la Paris

Tangu Paris Saint-Germain watwae kombe la Ulaya, maneno yamekuwa mengi vijiweni, na karibu yote yanaelekea upande mmoja: kwamba fedha hazinunui mafanikio. Ushahidi unaotolewa ni huu. Walipokuwa na Messi, Neymar na Mbappé kwa pamoja, kuanzia 2021 hadi 2023, walitolewa katika hatua ya kumi na sita bora misimu yote miwili, kwanza na Real Madrid, kisha na Bayern Munich. Walipobaki bila hata mmoja wao, tarehe 31 Mei 2025, waliifunga Inter mabao 5 kwa 0. Hoja inavutia. Hata hivyo mimi naiona kuwa ni hesabu ya mtu aliyepanda basi katikati ya safari.

Hebu tuanze mwanzo. Wenye fedha kutoka Qatar waliinunua klabu ile mwaka 2011. Machi 2017 walikwenda Barcelona wakiwa na mtaji wa mabao 4 kwa 0 kutoka nyumbani, wakafungwa 6 kwa 1. Aliyewaadhibu zaidi katika dakika za mwisho ni Neymar. Nao, miezi mitano baadaye, wakamnunua kwa euro milioni 222. (Sijui kama kuna namna nyingine ya kukiri kipigo iliyowahi kugharimu kiasi hicho.) Mwaka 2020 walifika fainali na kufungwa na Bayern bao 1 kwa 0. Mfungaji alikuwa Kingsley Coman, mzaliwa wa Paris, aliyelelewa kisoka na klabu hiyo hiyo tangu utotoni kisha akaachwa aende zake. Ancelotti, Blanc, Emery, Tuchel, Pochettino na Galtier wote walikuja wakaondoka.

Haya yote yalikuwa makosa, tena makosa ya gharama. Lakini swali ambalo washabiki hawaulizi ni hili: ni klabu gani nyingine ingeyafanya yote hayo na bado ikawa na nguvu ya kujaribu tena mwaka unaofuata? Kati ya 2013 na 2025 walitwaa ubingwa wa Ufaransa mara 11 huku wakikosea. Wale vijana wa 2025 nao hawakuokotwa barabarani. Désiré Doué, aliyefunga mabao mawili katika fainali akiwa na miaka 19, alinunuliwa kutoka Rennes. João Neves alitoka Benfica. Kvaratskhelia alichukuliwa kutoka Napoli katikati ya msimu. Sifa za Luis Enrique ni za haki kabisa, kwani aliwafanya wote wakimbie, lakini aliwachagua kwenye duka ambalo wengine huchungulia dirishani tu.

Simon Kuper na Stefan Szymanski, katika kitabu chao Soccernomics cha mwaka 2009, walionyesha kuwa kwa klabu za Uingereza jumla ya mishahara hutabiri nafasi ya timu katika ligi kuliko fedha za uhamisho. Nawaamini. Upungufu ninaouona ni kwamba hesabu ya namna hiyo inaeleza nani atakuwa juu kwa wastani wa miaka, ila haitwambii kosa moja humgharimu nini tajiri na humgharimu nini maskini.

Hapo ndipo ninapoikumbuka Montpellier. Mwaka 2012, Qatar wakiwa katika msimu wao wa kwanza, klabu hii ya Louis Nicollin, mwenye kampuni ya kuzoa taka, ilitwaa ubingwa wa Ufaransa kwa pointi 82 dhidi ya 79 za Paris. Olivier Giroud alifunga mabao 21. Wapinzani wa fedha walishangilia, na walikuwa na kila sababu. Kiangazi hicho hicho Giroud akauzwa kwa Arsenal. Klabu ya aina hii ikimpoteza mfungaji wake lazima ipatie kwa mrithi wake, ipatie tena kwa mrithi wa mrithi, na ikikosea mara mbili au tatu hakuna wa kuifidia. Msimu wa 2024/25, ule ule ambao Paris walinyanyua kombe la Ulaya, Montpellier walimaliza wakiwa wa mwisho katika ligi wakashushwa daraja.